Jim Finks na Kazi ya Kuteua Wachezaji

Wale waliohudhuria mkutano wetu wa mwisho watakumbuka ubishi uliozuka baada ya chakula cha jioni. Mwenzetu mmoja aliitaja ile timu ya shule iliyotwaa kombe, na papo hapo meza ikagawanyika. Wengine walishikilia kwamba sifa zote ni za mwalimu aliyekuwa akiifundisha timu mwaka ule. Wengine, nami nikiwa mmojawapo, tulikumbusha kwamba wavulana wale karibu wote walichaguliwa na mwalimu wa michezo aliyetangulia, aliyewaona wangali kidato cha kwanza wakicheza peku, kisha akahamishwa mwaka mmoja kabla ya kombe. Jina lake halimo kwenye ubao uliotundikwa bwaloni. Tulibishana mpaka taa zikapunguzwa, na hakuna aliyeshinda.

Nimeona niurudie ubishi huo humu jaridani kwa njia nyingine, yaani kwa kusimulia maisha ya mtu ambaye swali hilohilo lilimfuata katika kazi yake. Mtu huyo ni marehemu Jim Finks wa Marekani, aliyekuwa meneja mkuu wa timu 3 za mpira wa Kimarekani kati ya mwaka 1964 na 1993. Wanafunzi walioko shuleni sasa pengine hawajapata kulisikia jina lake. Kule kwao lilikuwa jina kubwa.

Kwanza inafaa nieleze kidogo mchezo wenyewe, kwa kuwa si ule tunaoucheza sisi. Mpira wao una umbo la yai, hushikwa kwa mikono, na kila timu huwa na watu 11 uwanjani. Lakini timu ina vikosi viwili, kimoja cha kushambulia na kimoja cha kukaba, navyo hupokezana. Ndiyo maana Wamarekani wakiwahesabu wanaoanza mchezo husema 22. Jambo la pili, na hili ndilo linalotuhusu, ni kwamba kijana anayeinukia hanunuliwi kama ilivyo katika soka. Kila mwaka wanaomaliza kucheza katika vyuo vikuu huwekwa kwenye orodha moja, na timu huteua kwa zamu, iliyoshika mkia ikitangulia na bingwa akiwa wa mwisho. Zamu hizo hurudiwa raundi baada ya raundi. Mwenye wazo hilo alikuwa Bert Bell, mmiliki wa timu ya Philadelphia Eagles, aliyelipeleka kwa wenzake mwaka 1935, na uteuzi wa kwanza ukafanyika mwaka 1936. Mwaka 1975 raundi zilikuwa 17, mwaka 1977 zikapunguzwa kuwa 12, na tangu mwaka 1994 ni 7. Nafasi ya kuteua yenyewe ni mali: timu inaweza kumtoa mchezaji aliye tayari na kupokea nafasi za miaka ijayo. Kocha huwafundisha waliopo. Anayeamua nani awepo ni meneja mkuu, akisaidiwa na watu wanaozunguka nchi nzima kutazama vijana.

Finks alizaliwa tarehe 31 Agosti 1927 katika mji wa St. Louis, akalelewa Salem, mji mdogo wa jimbo la Illinois. Alisoma Chuo Kikuu cha Tulsa na kucheza huko kama kwotabeki, yaani yule anayeupokea mpira mwanzo wa kila shambulio na kuamua aurushe au ampe mwenzake akimbie nao. Mwaka 1949 timu ya Pittsburgh Steelers ilimteua katika raundi ya 12. Mtu wa raundi ya 12 hakutarajiwa kufika mbali, na mwanzoni walimweka nyuma kama mlinzi. Alivumilia, akarudishwa kwenye nafasi yake, na mwaka 1952 pasi zake 20 zilizaa mabao, idadi iliyomweka kileleni mwa ligi sawa na Otto Graham wa Cleveland, bingwa wa siku zile. Alistaafu kucheza baada ya msimu wa 1955, akiwa amekaa na timu hiyohiyo misimu 7.

Kabla sijaondoka Pittsburgh, kuna tukio la mwaka huo wa 1955 ambalo kila anayeandika habari za uteuzi hulirudia. Steelers walimteua katika raundi ya 9 kijana mwenyeji wa mji huohuo, jina lake Johnny Unitas. Kwotabeki mkuu alikuwa Finks, na wa akiba walikuwepo. Kocha Walt Kiesling alimtimua yule kijana kabla ya msimu kuanza, bila kumwingiza uwanjani hata mara moja katika mechi za majaribio. Unitas akaenda kucheza ridhaa kwa ujira wa dola chache kila mechi, na mwaka uliofuata akachukuliwa na Baltimore Colts, akawapa ubingwa mwaka 1958 na 1959, na hata leo wapo wanaomhesabu kuwa kwotabeki bora kupita wote. Finks hakuwa na mkono katika uamuzi huo. Alikuwa mchezaji tu. Lakini alikuwepo, akaona kwa macho yake jinsi watu wazima wenye ujuzi wanavyoweza kuwa na dhahabu mkononi wakaitupa. Naomba msomaji alikumbuke jambo hili, kwa kuwa nitalirudia suala la makwotabeki.

Mwaka 1956 alikuwa kocha msaidizi katika Chuo Kikuu cha Notre Dame. Mwaka 1957 alivuka mpaka kwenda Kanada, katika timu ya Calgary Stampeders, na kabla mwaka haujaisha akakabidhiwa umeneja mkuu. Alikaa huko hadi 1964. Sina mengi ya kueleza juu ya miaka hiyo ila kwamba alijifunza kazi mbali na macho ya wakubwa, na kwamba kati ya wachezaji waliopitia Calgary wakati wake alikuwapo Joe Kapp, ambaye tutakutana naye tena.

Septemba 1964 aliitwa na Minnesota Vikings, timu iliyoanzishwa mwaka 1961 na isiyokuwa na mafanikio yoyote ya kutajwa. Mwanzo wake haukuwa wa kuvutia. Katika uteuzi wake wa kwanza timu ilimchukua Jack Snow, ambaye hakuichezea. Aliyepatikana kwa kumbadilisha alikuwa Gary Larsen, na huyo akaja kuwa mmoja wa watu 4 wa mstari wa mbele wa ukabaji walioogopwa sana. Mwaka 1966 walimteua Jerry Shay katika nafasi ya 7, na Shay hakufanya makubwa. Laiti mwenye timu angemwita Finks mwisho wa mwaka ule na kumtaka hesabu, angekuwa na haki ya kumfukuza.

Kilichofuata ndicho kilichomjengea jina. Mapema mwaka 1967 kwotabeki wa Vikings, Fran Tarkenton, alikuwa haelewani na kocha, naye kocha mwenyewe akajiuzulu. Finks alimpeleka Tarkenton New York Giants na kupokea nafasi 4 za kuteua, zikiwa zimesambazwa katika miaka 3. Wapenzi wa timu walimlaumu kwa kumtoa mchezaji wao mpendwa na kupokea karatasi tupu. Akamleta kutoka Kanada kocha Bud Grant, na yule Joe Kapp aliyewahi kupitia Calgary akachukua mahali pa Tarkenton. Kisha akakaa mezani kuteua, akiwa na nafasi 3 katika raundi ya kwanza peke yake: ya 2, ya 8 na ya 15.

Mwaka huo wa 1967 unafaa kutazamwa kwa makini na kila anayetaka kupima kazi hii. Katika nafasi ya 2 walimchukua Clint Jones, mkimbiza mpira, ambaye alikuwa mchezaji wa kawaida. Katika nafasi ya 8 walimchukua Gene Washington, mpokeaji pasi, aliyekuwa mzuri. Katika nafasi ya 15, wakati timu nyingi zimekwisha teua, walimchukua Alan Page, mkabaji. Page alitajwa kuwa mchezaji bora wa ligi nzima mwaka 1971, heshima ambayo mkabaji hakuwa ameipata kabla yake. Baadaye alisoma sheria, na kuanzia 1993 hadi 2015 alikuwa jaji wa Mahakama Kuu kupita zote ya jimbo la Minnesota. Basi mtu yuleyule, siku ileile, kwa taarifa zilezile, aliteua mchezaji wa kawaida kwa nafasi ya bei kubwa na shujaa kwa nafasi ya bei ndogo. Ukimpima kwa Jones utasema amebahatisha, na ukimpima kwa Page utasema ana jicho la tai. Mimi nasema lazima wote watatu wawekwe kwenye mizani moja.

Nafasi za Giants ziliendelea kuzaa. Mwaka 1968 ilipatikana nafasi ya kwanza kabisa ya uteuzi wote, na Finks, badala ya kutafuta mtu wa kushangiliwa, alimteua Ron Yary, mzuiaji wa mstari wa mbele, mtu ambaye kazi yake ni kusukumana na hashiki mpira kamwe. Mwaka 1969 nafasi ya mwisho ilimleta Ed White, mzuiaji mwingine. Mwaka huo Vikings walishinda mechi 12 kati ya 14, wakawa mabingwa wa ligi yao, wakashindwa na Kansas City Chiefs 23 kwa 7 katika fainali ya Super Bowl, Januari 1970. Mwaka 1972 Finks alimrudisha Tarkenton, na Januari 1974 timu ikawa tena katika fainali, ikashindwa tena, safari hii na Miami 24 kwa 7. Mei 1974, baada ya kutoelewana na wenye timu, aliondoka. Vikings waliingia fainali nyingine mbili, Januari 1975 na Januari 1977, kwa wachezaji ambao wengi alikuwa amewakusanya yeye.

Hapo tayari msomaji anaanza kuuona mtindo wa maisha yake. Lakini Chicago ulidhihirika zaidi.

Chicago Bears ni timu ya George Halas, mmoja wa waasisi wa ligi yenyewe, mzee aliyeiona timu kama mtoto wake wa kumzaa. Ubingwa wao wa mwisho ulikuwa wa 1963. Finks alipoajiriwa Septemba 1974, timu ilikuwa inaelekea kumaliza msimu kwa ushindi wa mechi 4 kati ya 14. Alipewa madaraka ambayo Halas hakuwa amewahi kumpa mtu asiye wa ukoo wake.

Katika uteuzi wake wa kwanza, Januari 1975, Bears walikuwa wa 4. Atlanta walimchukua kwotabeki Steve Bartkowski, Dallas wakamchukua Randy White, na Baltimore wakamchukua Ken Huff. Finks akamteua Walter Payton kutoka Jackson State, chuo kikuu cha Weusi katika jimbo la Mississippi. Payton alicheza misimu 13, na alipostaafu alikuwa amekimbia na mpira yadi 16,726, rekodi iliyodumu mpaka mwaka 2002. Kwa haki kabisa, mtu anaweza kusema kwamba nafasi ya 4 ni ya juu na mchezaji mzuri anategemewa. Nakubali. Ndiyo sababu ya kutazama chini ya orodha ile. Katika raundi ya 12 Bears walimteua Doug Plank, mlinzi wa nyuma aliyevaa jezi namba 46, ambaye ule ukabaji mashuhuri wa Chicago uliitwa kwa namba yake. Na katika raundi ya 17, ambayo ndiyo ya mwisho, wakati timu nyingine zinakusanya mafaili ziende nyumbani, walimteua Roland Harper, ambaye kwa miaka mingi ndiye aliyekuwa akimtangulia Payton na kumfungulia njia.

Hata hivyo maendeleo yalikuwa ya polepole. Mwaka 1975 walishinda tena mechi 4 tu. Mwaka 1977 wakashinda 9, wakaingia katika mechi za mtoano kwa mara ya kwanza tangu 1963. Mwaka 1979 wakashinda 10. Kisha wakarudi nyuma. Chicago ni mji wenye magazeti makali, na kila msimu ulipoisha bila kombe lawama zilikuwa zake.

Na lawama moja ilikuwa ya kweli. Mtu huyu aliyekuwa kwotabeki mwenyewe, aliyewahi kuwa timu moja na Unitas, hakuweza kwa miaka 7 kuipatia timu yake kwotabeki. Alimteua Bob Avellini katika raundi ya 6 mwaka 1975, na Vince Evans katika raundi ya 6 mwaka 1977. Walikuwa watu wa kujaza pengo. Mwaka huohuo wa 1977 alimchukua Mike Phipps kutoka Cleveland na kulipa kwa nafasi yake ya raundi ya kwanza ya 1978. Phipps hakusaidia kitu kikubwa, na Cleveland, kwa kuizungusha nafasi ile, wakampata Ozzie Newsome, mmoja wa wapokeaji pasi mashuhuri wa kizazi chake. Mwaka 1979, kijana aliyeitwa Joe Montana alikaa kwenye orodha hadi mtu wa 82. Bears, wenye shida ya kwotabeki kuliko karibu timu yoyote, walikuwa wamekwisha teua zaidi ya mara mbili kabla San Francisco hawajamchukua. Timu zote zilimpita Montana, lakini si timu zote zilizokuwa na haja kama ile. Nimesoma makala za kumsifu Finks ambazo zinaliruka jambo hili. Mimi nimekaa miaka kadhaa kwenye meza za usaili serikalini, na najua tunavyopenda kumtaja mtumishi mmoja aliyeng'ara tuliyemwona sisi, na kuwanyamazia watano waliotushinda.

Lakini wakati wakimlaumu, ghala lilikuwa likijaa. Mwaka huohuo wa 1979, kwa nafasi ya 4, alimteua Dan Hampton, mkabaji wa mstari wa mbele. Mwaka 1980 akaja Otis Wilson, na Matt Suhey katika raundi ya 2. Mwaka 1981 akaja mzuiaji Keith Van Horne, na katika raundi ya 2 Mike Singletary, aliyeonekana mfupi kwa nafasi ya mkabaji wa katikati, akaja kuwa nahodha wa ukabaji wote. Mwaka 1982, hatimaye, kwotabeki: Jim McMahon, kwa nafasi ya 5.

Ndipo Aprili 1983. Katika uteuzi mmoja Bears walichukua Jim Covert na Willie Gault raundi ya kwanza, Mike Richardson ya 2, Dave Duerson ya 3, Tom Thayer ya 4, na katika raundi ya 8 wawili pamoja: Richard Dent na Mark Bortz. Dent alitoka Tennessee State, chuo kikuu kingine cha Weusi, akawa mtu wa 203 kuitwa. Alikuwa mwembamba mno kwa kazi yake, na sababu mojawapo ilikuwa meno mabovu yaliyomzuia kula sawasawa. Timu ikampeleka kwa daktari wa meno, akatibiwa, akaanza kula na kunenepa. Wasaka vipaji wa timu nyingine walimwona kijana mwembamba, basi. Wa Chicago walijiuliza wembamba ule unatoka wapi.

Miezi 4 baada ya uteuzi huo, Agosti 1983, Finks alijiuzulu. Januari 1982 mzee Halas alikuwa amemwajiri kocha Mike Ditka bila kumshirikisha meneja wake mkuu. Finks alivumilia mwaka mmoja na nusu, tena akiendelea kuteua kwa uaminifu kama tulivyoona, kisha akaona hana kazi ya kufanya katika ofisi ambayo neno lake si la mwisho. Halas mwenyewe alifariki tarehe 31 Oktoba mwaka huohuo. Finks alikwenda kuiongoza timu ya besiboli ya Chicago Cubs kwa muda mfupi, na huko sitakaa.

Januari 1986 aliajiriwa na New Orleans Saints kuwa rais na meneja mkuu. Na tarehe 26 ya mwezi uleule, katika uwanja wa Superdome wa New Orleans, ambao sasa ulikuwa uwanja wa mwajiri wake mpya, Chicago Bears waliwafunga New England Patriots 46 kwa 10 na kutwaa Super Bowl. Mchezaji bora wa siku ile alikuwa Richard Dent. Ditka na msimamizi wa ukabaji, Buddy Ryan, walibebwa mabegani.

Nimewahesabu wale 22 walioanza. Kumi na wanne waliteuliwa na Bears katika miaka ya Finks: McMahon, Payton, Suhey, Gault, Covert, Bortz, Thayer na Van Horne upande wa kushambulia, Hampton, Dent, Wilson, Singletary, Richardson na Duerson upande wa kukaba. Nusu ya hao 14 walitoka katika ule uteuzi mmoja wa 1983. Wengine 6, yaani Hilgenberg, McKinnon, Moorehead, McMichael, Frazier na Fencik, waliokotwa: ama waliachwa na timu nyingine ama hawakuteuliwa na mtu yeyote walipotoka chuoni. Waliobaki ni wawili tu, Wilber Marshall wa 1984 na William Perry wa 1985. Plank na Harper walikuwa wamekwisha ondoka. Miili yao haikuingoja siku ile.

Sasa turudi kwenye mizani. Kuna hoja tatu dhidi yake, na sitaki kuzificha. Ya kwanza ni bahati: kama Bears walijua Dent atakuwa nani, mbona walingoja raundi ya 8? Hoja hii ni nzito. Hakuna aliyejua. Lakini bahati ya aina hiyo humwangukia zaidi mwenye kununua tiketi nyingi, na Finks tangu siku za Tarkenton alikuwa mtu wa kukusanya nafasi na kuzitumia mpaka ya mwisho. Hoja ya pili ni kwamba hakufanya peke yake. Ni kweli: Minnesota alikuwa na Jerry Reichow, na Chicago alikuwa na Bill Tobin, ambao ndio waliosafiri na kutazama. Meneja mkuu anayewapata watu kama hao na kuwasikiliza ameteua mara mbili. Hoja ya tatu ni ya makocha, na hapa sina ugomvi na wenzangu wa meza ile nyingine. Grant, Ditka na Ryan waliwafanya wachezaji wale kuwa timu. Singletary bila Ryan pengine angekuwa mtu mwingine. Ila Ryan bila Singletary, Dent na Hampton angekuwa na mchoro ubaoni.

Kwa maoni yangu nguvu ya Finks ilikuwa mstari wa mbele. Page, Yary, White, Hampton, Van Horne, Covert, Dent, Bortz: mtu baada ya mtu anayecheza pale penye vumbi, ambapo watazamaji hawatazami. Udhaifu wake ulikuwa palepale alipocheza yeye.

New Orleans ulirudia yote mawili. Saints walikuwa hawajapata msimu hata mmoja wa ushindi kuzidi kushindwa tangu walipoanza mwaka 1967. Wapenzi wao waliwahi kuja uwanjani wamejifunika mifuko ya karatasi usoni. Finks alimwajiri kocha Jim Mora, na katika uteuzi wa 1986 akapata mzuiaji Jim Dombrowski, Dalton Hilliard, Rueben Mayes na, katika raundi ya 3, Pat Swilling, aliyekuja kutajwa mkabaji bora wa ligi mwaka 1991. Mwaka 1987 timu ilishinda mechi 12 kati ya 15. Mwaka huohuo, hata hivyo, nafasi ya 11 aliitumia kwa Shawn Knight, aliyedumu msimu mmoja. Na mwaka 1990, kwotabeki wake alipogoma kwa ajili ya mkataba, alimleta Steve Walsh kutoka Dallas kwa bei ya nafasi ya raundi ya kwanza na nyingine juu yake, bei ambayo Walsh hakuirudisha. Saints waliingia mtoano mara 4 wakati wake, wakashindwa mara zote 4.

Mwaka 1989 alikaribia kuwa kamishna wa ligi nzima. Kamati ililipeleka jina lake peke yake mbele ya wenye timu, na kundi la wenye timu wapya, waliochukizwa kuletewa mtu mmoja bila kuulizwa, likajizuia kupiga kura. Alikosa kura chache, na baadaye akachaguliwa Paul Tagliabue. Wengi walishangaa kwamba alirudi New Orleans na kuendelea na kazi kama kawaida.

Alikuwa mvutaji mkubwa wa sigara. Mwaka 1993 aligundulika kuwa na saratani ya mapafu, na Julai akaacha kazi. Miezi michache kabla, katika uteuzi wa Aprili, Saints walikuwa wamempeleka Swilling Detroit na kupata nafasi ya 8, ambayo walimteua mzuiaji mmoja, Willie Roaf. Jim Finks alifariki tarehe 8 Mei 1994 akiwa na umri wa miaka 66. Katika miaka yake yote hakuna timu iliyotwaa Super Bowl yeye akiwa bado ofisini.

Mwaka 1995 aliingizwa katika jumba la mashujaa wa mchezo huo, lililoko Canton, Ohio. Page na Payton walikuwa wamemtangulia. Singletary alifuata 1998, Yary 2001, Hampton 2002, Dent 2011, Roaf 2012. Covert aliingizwa mwaka 2020, na Steve McMichael, mmoja wa wale 6 waliookotwa, mwaka 2024, miaka 30 baada ya kufa aliyemwokota.